Milimita Nane

Ijumaa ile Tanga ilipanda juu milimita nane.
Semkiwa akanipigia kutoka Dodoma, koo limemkauka:
fundi, huko kuna nini, mmetikiswa?
Nikamwambia hapa Chumbageni
hata kikombe hakijagongana na sahani yake.

Nikazunguka nyuma ya shule, jua la saa nane,
kwenye nguzo ya zege tuliyoizamisha hadi kwenye mwamba,
nikaikuta antena imevikwa kanga,
mbichi, inachuruzika,
na maneno yake yananitazama:
VUMENI MTAKAVYO, MIMI NIMETULIA.

Bi Mwanakheri, mke wa mlinzi, hakuomba radhi.
"Chungu kimefunikwa mwaka wa saba, hakiivi.
Kinapika nini?"
Kinasikiliza, nikasema. Kule juu zinapita saa,
kila moja inataja wakati wake na kwenda zake,
na kwa kuchelewa kwa sauti zao
tunajua tumesimama wapi.
"Kwani tumeondoka?"

Nikamwomba mkono. Hina ya harusi ya mwanawe
ilikuwa imeanza kuachana na nyama,
hilali nyeupe kwenye kila kucha.
Uliiona ikienda? Hakuiona.
Ndivyo nchi inavyokwenda, polepole kuliko kucha zako,
kaskazini-mashariki, na sisi juu yake na vyombo vyetu.
Tangu uolewe tumesogea kama dhiraa mbili.
Akafikiri. "Na Kidago, na ule mpaka wake?"
Mpaka umesogea. Kidago naye.
"Kumbe hata kwa kuhamishwa na Mungu
simwepuki yule mzee."

Sikumweleza habari ya baba.

Baba alisoma ubao wa maji gatini miaka ishirini na sita,
tochi kwapani, bamvua na maji mafu,
daftari za jalada jekundu, tarakimu zimelalia upande
kama wenye homa,
na pembeni maneno mawili matatu:
mvua. Tishari limepita. Mtoto amezaliwa.
(Mtoto ndiye mimi. Maji yalikuwa futi tisa na nusu.)
Yalipanda katika daftari, unywele kwa unywele,
hata akawa haulizi tena kiasi gani, anauliza nani:
bahari inapanda, au gati linazama?
Ubao haujui. Aliyelalia godoro bovu
huapa kwamba sakafu inainuka.
Kule Mwarongo mafiga matatu ya bibi
hufunikwa kila maji yajaapo, kaa wanapita katikati,
na mafiga nayo hayasemi
nani alimfuata mwenzake.

Ndiyo maana niliiomba kazi hii ya kulinda chungu.
Yeye aliyapima maji kwa nchi;
mimi naipima nchi
kwa kitu kisichoigusa.

Usiku ule vitanda vilipotembea
Makorora nzima ilitoka nje na watoto mabegani,
wengine wakisema ni lori la saruji limepinduka.
Nguzo iliyumba, ikaandika ilivyoyumba,
ikarudi mahali pake.
Karibu na mahali pake.
Asubuhi redio ikatangaza nchi imetulia.

Jana nimezifungua daftari zake mezani,
nikaweka mwendo wa nguzo kando ya mwendo wa maji.
Jibu lipo, ila kosa la kipimo
ni pana kuliko jibu lenyewe.
Semkiwa anasema miaka kumi tena.
Nitakuwa na umri aliokufa nao baba.

Ijumaa nimeifuta kwenye hesabu.
Pembeni, mahali ambapo yeye angeandika mvua,
nimeandika: kanga mbichi. Tanga haikupanda.
Bi Mwanakheri amehamishia kamba yake kwenye mpera,
na kila nikifika na kitambaa changu cha kupangusia
ananiuliza kabla ya salamu,
"Leo tumeamkia wapi?"